Tegemeo, si Tegemezi

Programu ya kompyuta kwa kawaida haiandikwi yote na mtu mmoja. Mwandishi huandika sehemu yake, kisha zana ya kujengea, kama Maven au Gradle, huchota vipande vilivyoandikwa na wengine. Wapo wanaokiita kipande kama hicho tegemezi. Jina hilo limegeuza mambo. Kwenye fomu ya bima ya afya, mwanachama huandikisha wategemezi wake, yaani mwenza na watoto. Wao ndio wanaoegemea, naye ndiye tegemeo lao. Basi programu ndiyo tegemezi, kipande ni tegemeo, na uhusiano wao ni utegemezi. Na tegemezi hubanwa na tegemeo lake. Tazama magofu ya Kilwa Kisiwani: vyumba vingi vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ya mawe na chokaa ilikalia boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Aliyejenga alikuwa na mawe ya kutosha, lakini upana uliamuliwa na boriti. Vivyo hivyo toleo jipya la kipande huweza kuilazimisha programu nzima ibadilishwe.

Ugumu huzidi pale tegemeo lisipokuwamo katika ghala kuu la Maven, ambamo zana huchota vipande: pengine limeandikwa ofisini, au mtengenezaji wa kifaa amelitoa kama faili peke yake. Njia ya mkato ni kuiandikia zana mahali faili lilipo kwenye kompyuta yako. Hapo kwako programu itajengeka. Kwa mwenzako aliye Lindi itakwama, maana faili hilo hana. Tena faili kama hilo haliji na orodha ya mategemeo yake lenyewe, kwa hiyo zana haijui kingine cha kuchota. Maven bado inaikubali njia hii, ila wanaoitunza hawaipendekezi tena. Dawa ni kulipatia faili jina, kundi na namba ya toleo, kisha kuliweka katika ghala la ofisi. Nami ningeliita tegemeo la nje ya ghala. Kuliita “lisilo la kawaida” hakutoshi: ofisini huenda likatumika kila siku, linalolitofautisha ni mahali linapopatikana.

Atakayepinga atasema tegemeo ni tumaini. Kweli, lakini tunayemwita tegemeo la ukoo ni yuleyule anayeegemewa na ukoo, maana haijahama. Mwingine atauliza kwa nini tusiseme dipendensi, kama tulivyopokea intaneti. Sina ugomvi na maneno ya kukopa, ila hili lingebeba kitu na uhusiano kwa pamoja, wakati kitenzi tegemea kimeshatupa maneno matatu yanayotenganisha pande zote. Mwanafunzi akisoma kwenye kioo “tegemeo halikupatikana”, atakwenda kukagua ghala. Akisoma “tegemezi halikupatikana”, ana haki ya kuanza kuitafuta programu yake mwenyewe.