Bank

Bank ni neno la Kiingereza lenye maana mbili kuu zisizofanana hata kidogo: ukingo wa mto, na benki ya fedha. Kamusi kubwa huzitenga kama maneno mawili, kwani kila moja liliingia kwa mlango wake.

La ukingo ndilo kongwe. Lina asili ya Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9, na kiini chake ni mwinuko wa udongo. Kwa hiyo tuta la theluji ni bank, na fungu la baharini vilevile, mfano Dogger Bank katika Bahari ya Kaskazini. Likiwa kitenzi, husemwa ndege inapolalia bawa moja ikikata kona, au mtu anapofukia makaa kwa majivu yasizime usiku.

La fedha ni banca ya Kiitalia, yaani benchi: ubao ambao wenye kuvunja fedha waliutandazia sarafu zao sokoni. Genoa ilikuwa na Banco di San Giorgio tangu 1407. Bank of England ilianzishwa 1694 tu. Anayefilisika huitwa bankrupt, kutoka banca rotta, "benchi lililovunjika". Kisa cha benchi kupasuliwa hadharani husimuliwa sana, ingawa tamathali yenyewe inatosha bila shoka. Kiswahili hakikuhitaji benchi hilo: kufilisika kumetoka Kiarabu, ndugu wa fulusi.

Lakini Waitalia nao waliazima. Banca yao ni ya asili ya Kigermanik cha kale, shina lilelile lililozaa neno la Waskandinavia na bench ya Waingereza. Maneno mawili yaliyotenganishwa na kamusi ni binamu, basi, na Mjerumani wa leo bado huita kikalio na benki kwa neno moja, Bank. Sisi tumewapokea ndugu wawili kwa majina mawili, benki na benchi, na mteja anayengoja zamu yake huenda amekalia mmoja ndani ya mwingine.

Mwaka 1937 daktari Bernard Fantus aliipa ghala ya damu ya hospitali ya Cook County, Chicago, jina la blood bank, nasi tukapata benki ya damu. Maana ya ukingo ndiyo hatukuiazima: West Bank ya mto Yordani husomwa redioni Ukingo wa Magharibi.