Vikorokoro vya Nyumba katika Historia ya Mpanda

Mtu akisifu nyumba huisifu kwanza kwa mpango wake: uwanja umefagiwa, vyombo viko kichanjani, jembe liko mahali pake, wala hakuna kitu cha kumkwaza mgeni mlangoni. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mwanahistoria aingiapo katika nyumba isiyo na vikorokoro imempasa kuuliza neno ambalo mgeni wa kawaida haulizi. Je, uchache wa vitu hivi umetoka katika hiari ya wenyeji, au umetoka katika mazoea ya kuhamishwa? Katika nchi ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi, swali hili si la upuuzi. Watu wa huko wamefunga na kufungua mizigo kwa amri si mara moja wala mbili katika muda wa miaka mia.

Amri ya kwanza ililetwa na malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika, Wakonongo miongoni mwao, waliokuwa wakiishi katika vijiji vidogo vilivyotawanyika ndani ya miombo, ikawaweka katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Kazi hiyo ilisimamiwa na Daktari George Maclean. Hoja ya uganga haikuwa dhaifu: mbung'o hupenda kivuli na vichaka, na mahali palipolimwa pande zote hukosa pa kujificha. Ila mpango wa nyumba ya Mkonongo haukuanza mlangoni ukaishia ukutani. Mizinga yake ya magome ilining'inia mitini, mwendo mrefu kutoka kwake. Kamba, kuni, dawa na matunda ya njaa vilikaa porini mpaka vitakapohitajiwa. Msitu ulikuwa ghala yake, na kwa sababu hiyo nyumba iliweza kuwa nyepesi. Alipohamishiwa kwenye uwanja mweupe, nyumba ilibaki nyepesi vilevile kwa kuitazama, ila ghala ilikuwa imebaki nyuma. Afisa aliyepita akaona unadhifu; mke wa nyumba akaona upungufu.

Mwaka 1973 watu wa Tanzania walisikia sauti mbili juu ya nyumba zao, na kila moja yafaa kusikilizwa peke yake. Sauti ya kwanza ilitoka katika redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vyake vya kujifunza. Ilifundisha kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Iliwapa watu sababu, ikawaacha wazungumze, kisha ikawaomba watende. Nathubutu kusema kwamba katika mambo yote yaliyopata kunenwa na serikali juu ya uwanja wa raia, hili lilinenwa kwa adabu kuliko yote. Sauti ya pili ilitoka mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kukaa vijijini sasa ni amri. Operesheni Vijiji ikaendelea hata 1976. Nyumba zikapangwa kwa mstari, na aliyekuwa amejenga kichanja chake kwa hiari aliweza kujikuta akikiacha kwa lazima.

Katika miaka hiyohiyo walikuwa wamekwisha kuingia wageni waliokuwa na mizigo michache kuliko wenyeji. Mauaji ya Burundi ya 1972 yaliwaleta Wahutu wengi, nao wakapewa makazi katika misitu: Katumba, kando ya tawi la reli litokalo Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Huko barabara zilinyooka na viwanja vilipimwa. Wakimbizi wakafyeka, wakalima, wakalisha na wengine. Muda ukapita, na nyumba ambazo ziliingiwa na chungu kimoja na blanketi zikapata kinu, sanduku la bati, baiskeli, cherehani. Na baiskeli ilipochakaa, gurudumu lake likatundikwa darini kwa kuwa huenda likafaa siku moja. Gurudumu hilo mimi nalihesabu kuwa hati ya historia. Mtu hatunzi kitu kibovu mahali ambapo hatarajii kukaa.

Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, lakini iliwataka wahame wakatawanyike katika mikoa mingine. Vyeti havikutolewa mpaka wahame, na kuhama hakukuja. Kwa miaka minne familia zilikaa kati ya ndiyo na bado. Nani aezeke upya, nani apande mwembe, nani anunue kabati, hali ajua kwamba lori laweza kuja? Mpango wa kuwatawanya uliachwa, na mwezi wa Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa, wenyewe wakiruhusiwa kubaki walipo.

Wanafunzi wetu huenda Mpanda wakiwa na maswali juu ya idadi: wangapi walihamishwa, ekari ngapi zilifyekwa. Nyaraka hujibu maswali ya namna hiyo vizuri. Hazijibu ni nani aliyeacha kinu kwa sababu hakikubebeka kichwani, wala bibi yupi aligawa vyungu vyake kwa jirani usiku wa kuamkia safari. Waliohamishwa kwa ajili ya malale wamekwisha kufa. Waliobeba mizigo mwaka 1972 na 1974 bado wako wachache, nao wengi ni wanawake ambao wakati ule walikuwa wasichana. Waulizwe kitu kimojakimoja, kwa subira, kuanzia jikoni.