Chuo cha Melville na Mabaharia wa Boti za Topido

Vita vilipoifikia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na boti chache za topido, wala halikuwa na chuo cha kuwafundisha watu wake. Aliyepangiwa boti alijifunza kazi humo humo, kwa wenziwe waliomtangulia, na aghalabu kwa makosa yake mwenyewe. Mapema mwaka 1942, katika siku zile zile ambazo Luteni John Bulkeley alimtoa Jenerali Douglas MacArthur kisiwani Corregidor, Ufilipino, kwa boti ya namna hiyo, kikaanzishwa chuo Melville, kando ya ghuba ya Narragansett katika jimbo la Rhode Island, chini ya uongozi wa William Specht. Mahali palichaguliwa kwa busara, kwa kuwa Newport, penye kiwanda cha topido tangu zamani, palikuwa jirani.

Wanafunzi walilala katika mabanda ya bati ya Quonset, yaliyobuniwa ng'ambo ya ghuba hiyo hiyo, na wakapelekwa baharini kwa boti za Kikosi cha 4, majira ya baridi kali yakiwa hayawaondolei wajibu huo. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, urefu wake futi 80 ikiwa imeundwa na kampuni ya Elco. Injini zake tatu za Packard ziliikimbiza kwa kasi iliyokaribia maili 40 za bahari kwa saa, na tumboni ilibeba galoni 3,000 hivi za petroli. Ilikuwa haina ngao ya chuma ya kumkinga mtu, ila wepesi wake, giza la usiku, na maarifa ya waliomo.

Ndipo ninapouona utukufu hasa wa chuo hiki. Katika manowari kubwa kila mtu ana kazi yake na mwenzake wa kuishika. Lakini katika boti yenye watu kumi na wachache, akianguka mmoja, pengo lake ni sharti lizibwe papo hapo. Kwa hiyo fundi wa injini alifundishwa bunduki, mpiga bunduki akafundishwa usukani, na mtu wa redio akajua kuitumikia topido. Walimu, ambao baadhi yao walikuwa wamerejea kutoka vitani Pasifiki, walilisisitiza jambo hili kwa haki, kwani walikuwa wamekwisha kuona gharama ya kutolijua.

Miongoni mwa waliopita hapo ni John F. Kennedy, aliyefika mwaka 1942, akawekwa kuwa mwalimu, asiridhike mpaka apelekwe vitani. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1943, katika visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani Amagiri iliipasua boti yake, PT-109; watu wawili kati ya 13 wakafa, naye akaogelea akimvuta majeruhi kwa ukanda alioushika kwa meno. Biuku Gasa na Eroni Kumana, wenyeji wa visiwa hivyo, ndio waliopeleka habari iliyowaokoa, na haifai majina yao kuachwa katika historia hii.

Katika mlango wa bahari wa Surigao, Ufilipino, Oktoba 1944, boti 39 za topido zilitangulia kuzipokea manowari za adui. Vita vilipokwisha, boti nyingi za namna hiyo zilichomwa moto Samar, huko huko Ufilipino. Lakini PT-617 na PT-796 zimehifadhiwa Fall River, Massachusetts, si mbali na Melville.