Ngitili: Miaka Mia Moja ya Ardhi Yetu

Vitabu vya kumbukumbu kama hiki huandika habari za watangulizi walioleta Injili, za makanisa yaliyojengwa kwa udongo na baadaye kwa saruji, na za wainjilisti waliotembea kwa miguu toka mtaa hadi mtaa. Habari hizo zina mahali pake katika kurasa nyingine. Hapa tuikumbuke ardhi ya Mhunze na Shinyanga yote ambayo washarika wameilima na kuichungia mifugo yao, kwa kuwa nayo ina historia yake ya miaka mia moja, na historia hiyo imejaa mafundisho.

Miaka mia moja iliyopita sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa pori la migunga na miti mingine ya nchi kavu. Ndani ya pori hilo waliishi mbung'o, waletao ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe na malale kwa wanadamu. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa mtaalamu C. F. M. Swynnerton, iliwakusanya watu kwa wingi, chini ya watemi wao, kufyeka mapori. Mbung'o walirudi nyuma, malisho yakapanuka na ng'ombe wakaongezeka. Lakini miti haikurudi. Baadaye kilimo cha pamba kilienea, mifugo ikazidi uwezo wa malisho, na kuni zikawa adimu hata akina mama wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu, vitu ambavyo vingalirutubisha mashamba.

Wazee wa Kisukuma, hata hivyo, walikuwa na hekima yao. Mvua zilipoanza, familia ilitenga eneo karibu na makazi, nalo likaitwa ngitili. Halikuwa na ua wala seng'enge. Mipaka yake ilijulikana na kuheshimiwa na majirani. Majira yote ya mvua hapana mfugo ulioingia humo. Kiangazi kilipokaza, ngitili ilifunguliwa kidogo kidogo, sehemu moja ikimalizika ndipo nyingine iguswe, ili ndama, ng'ombe wakamwao, maksai na wanyama dhaifu wapate majani. Desturi hii ilidhoofika sana katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, kwa kuwa watu waliohamishwa waliziacha ngitili zao nyuma, na mwenye mbali hawezi kulinda.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliuzuru mkoa huu, akaufananisha na jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi wanaujua kwa jina la HASHI, kwa msaada wa serikali ya Norway. Baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikashirikiana nao. Hapo mwanzo mkazo uliwekwa katika vitalu na upandaji wa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Wanavijiji wenyewe ndio waliowarudisha wataalamu kwenye ngitili. Kumbe chini ya udongo uliokuwa umekanyagwa na kwato, visiki na mizizi ya miti ya asili vilikuwa hai. Vilipoachwa bila kukatwa wala kuliwa na mifugo, vilichipua vyenyewe.

Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika kwa takwimu zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833 vya mkoa kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Mwaka 2002, mwaka ule ule ilipoundwa Wilaya ya Kishapu ambayo makao yake ni hapa Mhunze, HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa, matunda na mboga za porini.

Mafanikio hayo hayakuletwa na fedha peke yake. Sheria zilipitishwa na watu katika dagashida, yaani mkutano wa jadi, na sungusungu wakazisimamia. Aliyechunga ndani ya ngitili ya mwenzake alitozwa faini, naye alilipa kwa kuwa amri ilitoka kwa jirani zake. Msomaji wa Biblia atakumbuka agizo la Mambo ya Walawi, sura ya 25, kwamba ardhi ipewe pumziko lake. Wazee wetu walilishika pumziko la namna hiyo kabla hawajakisoma kitabu hicho.

Lakini historia ya kweli haifichi upungufu. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mara nyingi mwenye ngitili kubwa. Mjane asiye na mfugo hutegemea ngitili ya kijiji kwa kuni na nyasi. Ile ya kijiji ikigawanywa kwa watu binafsi, au ikikodishwa na fedha zake zisisomwe mkutanoni, miti huweza kuongezeka huku maskini akizidi kupungukiwa. Tena mradi wa HASHI ulikwisha mwaka 2004. Tangu hapo watu wameongezeka, mashamba yanatafuta nafasi, na mkaa una soko la haraka. Mti uliochipua kwa miaka 20 huangushwa kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo, tunaposherehekea miaka mia moja, tusihesabu miche tuliyopanda siku ya sherehe tu. Tuulize pia: ngitili ya kijiji chetu ingali na mipaka? Mapato yake husomwa hadharani? Wajane wanaingia kuokota kuni? Watakaoandika kitabu cha miaka mia mbili watayatafuta majibu hayo ardhini, nayo ardhi haitawaficha. Mungu atujalie kuwa watunzaji waaminifu.