Seneti Iliyozikwa na Maseneta Wenyewe

Tarehe 4 Machi 2013 mpigakura wa Kenya alikabidhiwa karatasi sita. Ya njano ilikuwa ya seneta, nayo ilitumbukizwa katika sanduku lenye mfuniko wa njano. Wengi hawakuwahi kumchagua mtu wa cheo hicho, ingawa nchi ilishakuwa na Seneti, iliyochaguliwa Mei 1963 na kufutwa kabla ya kutimiza miaka minne. Husemwa kwamba ile ya kwanza ilikufa kwa kukosa meno. Naona kinyume chake. Kwa maandishi, ilikuwa na meno makali kuliko ya sasa. Ilichokosa ni serikali za mashinani za kuzilinda.

Katiba ya uhuru ilitoa seneta mmoja kwa kila wilaya, 40 kwa jumla, na mmoja wa Nairobi. KADU, chama cha Ronald Ngala, kilihofu jamii ndogo zingemezwa, ndipo likawekwa sharti kwamba vifungu vikuu vya serikali za majimbo visiguswe bila idhini ya asilimia 90 ya maseneta. Piga hesabu: watano tu wakikataa, mabadiliko yamekwama. Lakini majimbo yenyewe hayakupewa fedha wala madaraka ya kutosha, na Novemba 1964 KADU ikajivunja na kujiunga na chama tawala, KANU. Kufuli lilibaki mlangoni, ndani hamna kitu. Mwishoni mwa 1966 maseneta wakaidhinisha kufutwa kwa baraza lao, wakaingizwa katika Bunge moja na kutengewa maeneo bunge 41 mapya.

Seneti ya Katiba ya 2010 ina mipaka zaidi: mswada usiohusu kaunti hauifikii kabisa. Hata hivyo nyuma yake zimesimama kaunti 47, kila moja na gavana wake na bunge lake, zikiwa na haki ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Bunge la Taifa lilipoipuuza katika mgao wa mapato wa 2013, Seneti ilikwenda Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo mahakama ikasema ilipaswa kushirikishwa.

Wapo wanaouliza ni haki gani hii, Lamu yenye watu wapatao 100,000 katika sensa ya 2009 kuwa na kura sawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni 3. Idadi ya watu ina uzito wake katika Bunge la Taifa, ambako Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo bunge na Lamu 2. Lawama nzito ni nyingine: mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshinda kati ya viti 47 vya maseneta wa kaunti. Wanawake 18 waliingia kwa uteuzi wa vyama, na katika mambo ya kaunti kura ya ujumbe wa kila kaunti hupigwa na seneta aliyechaguliwa. Hili sina la kulitetea.

Lau baraza hili lingekuwa mhuri wa vyama tu, mwaka 2020 ungelionyesha hivyo. Fomula mpya ya mgao ingezipunguzia fedha kaunti kadhaa, nyingi zikiwa kame na zenye watu wachache. Maseneta wa vyama hasimu wakaungana kwa kufuata kaunti zao, vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine, mpaka Septemba yalipopatikana maafikiano ambayo hayakuiacha kaunti yoyote ikipoteza.