Kodi ya Ghorofa la Dar, Tangu Siku za Msajili

Ndugu msikilizaji, hapa Mpanda mtu akisema kijana wake amepanga fleti ya Masaki au Upanga, jijini Dar es Salaam, wenzake huuliza kwanza bei, kisha huuliza ni kwa fedha gani. Swali hilo la pili ndilo lililonileta leo.

Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika wengi Kariakoo na Ilala. Nyumba ya bustani karibu na ufukwe ilikwenda na rangi na cheo. Majengo ya ghorofa ya kupangisha yalikuwa Uhindini, na wenyewe wengi walikuwa wafanyabiashara wa huko huko.

Ukaja mwaka 1971. Sheria ya kutwaa majumba ilisema kwamba jengo lililozidi thamani ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe halikalii lote, litakuwa mali ya umma. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa, na lililokwisha kutimiza miaka 10 halikulipiwa fidia. Mtu aliyejidunduliza dukani maisha yake yote, akajenga ghorofa moja la kumtunza uzeeni, aliamka akiwa mpangaji ndani ya nyumba yake. Wengi walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Upande wa pili kulikuwa na karani wa serikali ambaye kwa mara ya kwanza aliweza kukaa fleti ya Upanga yenye maji ya bomba ndani, kwa kodi anayoimudu. Wote wawili ni watu wetu, na historia hii haisimuliki kwa kumtaja mmoja tu.

Mwenye nyumba mpya aliitwa Msajili wa Majumba. Kodi ziliwekewa mipaka, na sheria ya mwaka 1984 ikaendeleza utaratibu huo. Lakini shilingi ya miaka ile ilikuwa ikiyeyuka. Kodi iliyokusanywa haikutosha rangi wala mabomba. Nilipokuwa Dar nikisomea stashahada ya uandishi nilipata kumtembelea jamaa katika jengo moja la namna hiyo. Lifti ilikuwa imegeuzwa stoo ya ndoo. Na penye kodi ndogo pakastawi kilemba, yaani fedha anayoitoa mtu chini ya meza ili aachiwe ufunguo. Bei ya kweli haikufa, ilihama tu kutoka kwenye risiti ikaingia mfukoni mwa aliyeshika ufunguo. Wanaotamani Msajili arudi hulisahau hilo.

Mwaka 1990 kazi za Msajili zilikabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Mwaka 1992 sheria ya fedha za kigeni ililegezwa. Wafanyakazi wa balozi, wa mashirika ya misaada na wa kampuni za nje walitaka nyumba nzuri, na dola walikuwa nazo. Kuanzia 2002 Serikali iliwauzia watumishi maelfu ya nyumba zake, na kule Oysterbay na Masaki bustani nyingi zikaota maghorofa. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa. Tangu hapo bei ni maelewano, na maelewano kati ya mwenye ufunguo na mgeni aliyeshuka treni ya kutoka Mpanda na mabegi mawili, ndugu msikilizaji, unayajua.

Basi kijana wetu akipata kazi huko, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mlango, mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka mzima, na hesabu inasomwa kwa dola. Mshahara wake je? Ni shilingi, kama wa mwalimu wa hapa Mpanda.

Mwezi Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mikataba ya zamani ilipewa mwaka mmoja kujirekebisha. Kwa hiyo akipewa karatasi yenye alama ya dola, ana haki ya kuirudisha iandikwe shilingi kabla ya kutia saini. Kodi ya miezi sita mbele kanuni hizo hazikuigusa. Hiyo bado ni kati yake na mwenye nyumba.