Sikukuu za Kanisa na Mamlaka ya Dhamiri

Katika Warumi 14 Paulo anamwachia Mkristo uhuru mpana. Huyu anaiona siku fulani kuwa bora, yule anaziona siku zote sawa, na kila mmoja awe na hakika moyoni mwake. Lakini katika Wagalatia 4 mtume huyohuyo, akisikia kwamba watu wameanza kushika siku, miezi na miaka, anahofu kuwa kazi aliyoifanya kwao imepotea bure. Wanaopinga sikukuu hukimbilia Wagalatia, wanaozitetea hukimbilia Warumi, na kila upande huruka aya za mwenzake. Ubishi huu hautakwisha mpaka tuulize kwa nini mtu mmoja aliandika hivi huku na vile kule.

Tofauti imo katika uzito uliowekwa juu ya siku zenyewe. Galatia walikuja walimu waliodai kwamba mtu wa Mataifa hakamiliki mbele za Mungu bila tohara na Torati, na kalenda yake ikafuatana na hayo. Siku ikawa sharti la kukubaliwa. Rumi siku ilikuwa njia ya kumheshimu Bwana, na asiyeishika alimheshimu Bwana yuleyule bila hiyo siku. Ndiyo maana sioni faida ya kuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuadhimisha Krismasi. Anaruhusiwa. La kuuliza ni nani aliyepewa mamlaka ya kumfunga mwenzake kwa siku ambayo Kristo hakumfunga nayo.

Uskoti walilijaribu swali hili pande zote mbili. Mwaka 1560, Kitabu cha Kwanza cha Nidhamu kilifuta Krismasi na siku za watakatifu kwa hoja kwamba Maandiko hayakuziamuru. Mwaka 1618 Mfalme James VI akalazimisha Ibara Tano za Perth, ambazo pamoja na mengine zilitaka Krismasi, Ijumaa Kuu, Pasaka, Kupaa na Pentekoste zirudi, na waumini wapokee Meza ya Bwana wakiwa wamepiga magoti. Wengi walikataa, na Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti, uliofanyika Glasgow mwaka 1638, ukazitupilia mbali ibara hizo. Walikuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa mfalme hana kiti ndani ya dhamiri ya mtu.

Lakini miaka mingi kabla ya Perth, wazee wa kanisa hilohilo walikuwa wameketi katika kiti hicho. Desemba 1583, baraza la wazee la Glasgow liliwaagiza watu watano watubu mbele ya usharika kwa kosa la kuadhimisha Krismasi, na likaagiza waoka mikate wahojiwe waliwaokea nani mikate ya sikukuu. Tufikirie mwoka mikate huyo, anayetakiwa kuwataja wateja wake kwa sababu ya unga na tanuri. Kanisa lilelile ambalo lingekuja kumkatalia mfalme lilikuwa tayari kuingia jikoni mwa jirani.

Hoja yao kuu inastahili heshima. Walishikilia kwamba ibada iwe na yale tu ambayo Mungu ameyaagiza, kwa maana kanisa likiongeza siku linaongeza wajibu, na wajibu usiotoka kwa Mungu ni kongwa. Naikubali hoja hiyo dhidi ya kanisa linaloamuru. Haimfikii muumini anayeshukuru. Purimu haikuagizwa na Musa, na bado Wayahudi wa kitabu cha Esta waliianzisha kwa ajili ya wokovu waliouona. Yohana 10 inamwonyesha Yesu hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, iliyozaliwa baada ya Torati. Aya haisemi kwamba aliiadhimisha, lakini hakuna neno la kuikemea. Tena Ungamo la Pili la Helveti la 1566, la Waprotestanti wa mkondo uleule wa Uskoti, lilikubali kumbukumbu ya kuzaliwa, kuteswa na kufufuka kwa Kristo kama jambo la uhuru wa Kikristo. Hoja ya kwamba 25 Desemba ilitokana na upagani haina uzito huohuo: wanahistoria bado wanabishana nani alitangulia kuitumia, na Mungu hanajisiki kwa tarehe.

Kwetu mlazimishaji si mfalme. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, lililotokana na misheni ya Waskoti, huadhimisha Krismasi bila mzozo. Shinikizo linatoka nyumbani na usharikani. Kilimanjaro, ambako Desemba watu hurudi kwa wazazi kutoka kila mji, kijana ambaye dhamiri yake inamzuia kusherehekea huambiwa ameutupa ukoo. Kwingine bahasha ya sadaka ya sikukuu isiporudi, jina la mtu huanza kutajwa vikaoni. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu Paulo anamaliza Warumi 14 kwa kusema kwamba lisilotoka katika imani ni dhambi. Anayemsukuma ndugu yake kushika siku asiyoiamini anamsukuma atende dhambi, hata kama siku yenyewe ni njema.

Hili halimpi mtu ruhusa ya kuuita uvivu dhamiri. Dhamiri husoma, huomba, hukubali kuulizwa sababu na huitoa.

Kanisa la kale nalo lilikutana na swali hili la siku. Yapata mwaka 155 Polikarpo wa Smirna alimtembelea Askofu Aniketo wa Roma. Polikarpo aliiadhimisha Pasaka siku ya 14 ya Nisani, mwezi wa Kiyahudi, na Aniketo Jumapili. Hawakukubaliana, lakini Aniketo alimpisha mgeni wake aongoze Ekaristi. Yapata 190 Askofu Viktor wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa tofauti hiyohiyo, na Ireneo wa Lyon akampinga, ingawa yeye mwenyewe aliadhimisha Jumapili. Baraza la wazee linalomnyima mshirika Meza ya Bwana, au kumwondoa kwenye kwaya, kwa kuwa hakuonekana Krismasi, linafuata njia ya Viktor, na linapaswa kuufuta uamuzi wake na kumwita mtu huyo arudi.